Jani Lililotolewa Mlangoni

Nyumbani kwetu tulikuwa watu wawili, na jani lilisema watatu.

Nilisimama mbele ya mnasambu wangu mkubwa, ule wa ukumbini, na kopo la maji ya mvua mkononi, nikazitazama nukta upya kama mtu anayedhani macho yake yana tongo. Ya kwanza mimi, nyekundu iliyokolea, karibu na shina. Ya pili mume wangu Severini, pembeni yangu, kama tulivyolala miaka yote. Na ya tatu. Changa bado, hafifu, lakini ipo, tena imezungukwa na pete nyembamba ya zambarau.

Jani la mnasambu halibahatishi. Lina upana wa sinia, limelala chali juu ya chungu, limejaa vitone vya utomvu vinavyong'aa kama mafuta ya kupikia, na linatoa harufu ambayo sisi hatuisikii lakini mbu huidhania pumzi ya mtu aliyelala. Mbu akitua hanyanyuki tena. Jani linammeng'enya polepole, na likikuta damu ya mtu yule yule mara kwa mara, linamwekea nukta. Mbu wa kupita, aliyemuuma jirani akaja kufia kwako, hahesabiwi. Waliouumba mmea huu walitaka iwe hivyo, ili Idara ya Majani ijue kila nyumba ina walalaji wangapi na nani apewe dawa. Kwa hiyo huyo wa tatu, awe nani, alikuwa analala kwangu.

Wazo lililonijia lilikuwa moja tu, na lilikuwa limevaa sketi.

Mimi ndiye mlezi wa majani wa mtaa wetu hapa bondeni Kilombero. Kila wiki nakwenda vijijini kufundisha watu kulea minasambu, na barabara ikijaa tope nalala huko huko. Severini alistaafu kinu cha mpunga, anashinda nyumbani, ana redio na muda mwingi. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nilikuwa nimeyaona tangu mwezi uliopita: tangawizi inakwisha upesi, sufuria ya wali inaoshwa kabla sijaiomba, na mume wangu, ambaye kwa umri wetu wote hajawahi kuniuliza narudi lini, sasa ananiuliza narudi lini.

"Unazungumza na majani tena, mama?" Alikuwa ametokea nyuma yangu na taulo begani.

"Majani ndiyo yanayozungumza."

Alicheka. Lakini hakulitazama jani. Mtu huyu kila asubuhi huinama kuitafuta nukta yake na kusema, "Bado nipo," ndipo aende kunawa uso. Siku hiyo alilipita jani kama anavyompita mtu anayemdai.

Pete ya zambarau maana yake inajulikana hadi kwa watoto wa chekechea. Ni homa kaidi, ile isiyosikia dawa. Mwenye nayo anapelekwa Makaoni, upande wa pili wa mto, kwenye nyumba za wavu, mpaka damu yake isafike. Na mlezi wa majani akiiona pete anapaswa kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Nami sikutoa. Nilitaka kwanza nimkamate mwanamke huyo kwa mikono yangu. Yaani kaniletea hawara, na hawara mwenyewe mgonjwa.

Ndipo Kostansia akapiga hodi.

Kostansia ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mcheshi, mwembamba, mume wake Osmundi anaendesha mashine za kuvuna kwenye mashamba makubwa na hurudi nyumbani mara chache. Mnasambu wake ulikuwa umekufa. Aliumwagilia maji ya kisima, na nilikwishamwambia maji ya kisima yana chumvi, mmea huu unataka ya mvua tu, na udongo usio na rutuba, mchanga na makapi ya mpunga yaliyochomwa na kuoshwa. Chakula chake kinatoka hewani. Ukiupa mbolea unauua kwa wema.

"Nimekuja kuomba jani, dada," alisema, huku shingo imeshaanza kurefuka kuelekea ukumbini.

Niligeuza chungu haraka, ile nukta ikaelekea ukutani.

Sasa hapa kuna jambo. Kanuni ya Idara inasema jani likichomolewa kwa ajili ya kupandwa kwingine, hata likionekana safi, lisahaulishwe kwanza, maana utomvu wa shina huzipeleka nukta katika kila jani: lifungiwe ndani ya debe lenye giza juma zima, mpaka nukta zote zifutike. Nukta za kawaida hufifia zenyewe jani likianza kula nyumba mpya, ila ile yenye pete ya zambarau haitoki isipokuwa kwa giza. Nami kwenye mafunzo nalisema hilo kwa sauti kubwa. Lakini kwetu mmea ukiombwa unatolewa pale pale mlangoni, kwa mkono wa kulia, na udongo wake kidogo. Kumwambia jirani "njoo wiki ijayo" ni kumwambia una choyo. Na mwombaji naye hasemi asante. Anasema "sikushukuru", kwa sababu mmea ulioshukuriwa haushiki mizizi. Bibi zetu walifanya hivyo kwa mihogo na kwa migomba, sisi tunafanya kwa kitu kilichotengenezwa maabara.

Kwa hiyo sote tulikuwa tunatoa majani mabichi, na haijawahi kuleta balaa, kwa sababu mtaa wetu haujawahi kuwa na pete.

Ningeweza kumwambia asubiri. Lakini nilitaka aondoke. Nikachomoa jani la chini, dogo, safi, halina alama yoyote machoni, nikampa.

"Sikushukuru, dada," akasema, akaenda zake akiimba.

*

Kumvizia mtu ndani ya nyumba yake mwenyewe ni kazi ya upuuzi, lakini mlezi wa majani ana namna yake. Nilichukua miche midogo, nikaweka mmoja kila chumba: chumbani kwetu, jikoni, stoo ya mpunga kule uani, na mwingine chooni kwa kuwa nilishakuwa kichaa. Nikamwambia Severini najaribu mbegu mpya. Akaniambia wazo zuri. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Nikasubiri. Nikala naye, nikalala naye, nikamnusa shati. Nilimtazama akikata tangawizi nikajiuliza ananikatia mimi au nani. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo zake ndizo nilizokuwa nazifua.

Mche wa stooni ndio uliotoa nukta. Moja, na pete yake.

Nilisukuma mlango mchana kweupe, Severini akiwa ametumwa sokoni na mimi mwenyewe. Nyuma ya magunia ya mpunga kulikuwa na mkeka, kikombe changu cha maua, na mwanamume mwenye mvi ameketi akichokonoa redio mbovu.

"Karibu, shemeji," alisema. "Nilikuwa najiuliza utachelewa mpaka lini. Ila chai ya kaka siku hizi haina tangawizi ya kutosha, mwambie."

Alikuwa Gaudensi, mdogo wake Severini, aliyechukuliwa kwenda Makaoni mwaka juzi.

Nilikaa juu ya gunia. Niliona aibu, kisha nikaona raha kwamba si mwanamke, kisha hofu ikaja ikazifunika zote mbili. Nikamuuliza ametokaje.

"Kwa mguu na kwa mtumbwi. Wananitafuta Mahenge kwa binti yangu. Kaka alipata ujumbe wao kwenye simu, akaufuta." Aliweka chini bisibisi. "Shemeji, mimi siumwi. Tangu mvua za mwaka juzi sijatetemeka hata mara moja. Naibeba tu hii homa, kama mtu aliyeshikishwa mzigo stendi, mwenyewe akapotea. Kule wanatulisha vizuri, hawatupigi. Ila mkuu wao aliniambia damu yangu haitasafika kamwe. Akaniambia kwa upole sana. Nikaona afadhali angenitukana."

"Na mbu akikuuma akatoka humu akamuuma mtoto wa mtu?"

"Ndiyo maana nimekuja kwenye nyumba yenye majani mengi kuliko zote bondeni," alisema. Hapo hakutania.

Severini aliporudi na kikapu alitukuta wote wawili tumeketi juu ya magunia. Hakujitetea. Alinishika mkono, akasema, "Benigna, mama yetu alimwacha mikononi mwangu." Basi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gaudensi hakuweza kupewa jembe, asingeweza hata kutoka uani. Nilichofanya ni kile ninachokijua. Niliizungushia stoo ile minasambu, chungu kando ya chungu, majani yakigusana. Juu ya mlango nikatundika mimea ya vibuyu, ile yenye mifuko mirefu yenye maji ndani ambamo nzi na mende huteleza wasitoke. Dirishani nikaweka umandejua, wenye nywele nyekundu zinazojikunja taratibu juu ya mdudu. Idara huwa haikagui majani ya mlezi wa mtaa, inamwamini. Nilipomaliza nikasimama nikaitazama kazi yangu. Nilikuwa nimemjengea Makao mengine, ya kijani.

Kila asubuhi nilikagua majani yote kwa hofu, kisha nikatoka nje kukagua ya majirani, nikitafuta pete. Sikuiona. Nikaanza kuamini kwamba tumeweza. Nilianza hata kumpelekea chai mwenyewe, nikazidisha tangawizi, naye akinitania kwamba kaka yake alimpokonya mke.

La Kostansia sikulikagua. Lilikuwa bado dogo, nikasema likikua.

*

Mavuno yakaisha na Osmundi akarudi. Tulimsikia kabla ya kumwona, maana ukuta wetu ni mwembamba.

"Mimi ni mmoja, wewe ni mmoja," alikuwa anasema, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko kelele. "Huyu mwingine ni nani, Kostansia? Jani haliongopi."

Mchana Kostansia alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma. Hakupiga hodi. Macho yalikuwa yamevimba, na kitenge amekifunga upande.

"Dada, wewe ndiye unayeyajua majani. Njoo umwambie linaweza kukosea. Amekwishawapigia simu kaka zangu waje wanichukue. Amemwita na Afisa wa Idara. Wanasema nukta ina pete, dada. Wanasema nimemficha mtu mwenye homa kaidi nikamlaza kitandani kwa Osmundi." Alijaribu kucheka ikashindikana. "Mimi hata paka sijamlaza."

Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa na mchanga wa vyungu chini ya kucha. Nilijua pale pale, bila kuliona jani, kilichotokea. Lilikuwa lile jani la chini, bichi, nililolichomoa nikiwa nimejaa wivu. Lilikuwa limekua, nukta yangu na ya Severini zimefifia, na ile ya Gaudensi imebaki, imenenepa nyumbani kwa watu.

"Nitakuja," nilimwambia. "Nenda kanawe uso."

Severini alikuwa amesikia yote kutoka ukumbini. Alinifuata jikoni akafunga mlango.

"Utamwambia Afisa kwamba ulilisahaulisha," alisema.

"Nikisema hivyo nimemzika Kostansia."

"Atapimwa, wataona hana homa."

"Watampima Makaoni, Severini, na watamweka huko mpaka amtaje mwanamume ambaye hayupo. Na akitoka atakuta vitu vyake vimefungwa. Mtaa mzima utamwita nani baada ya hapo? Unawajua."

Mume wangu si mtu mbaya, na ndiyo maana alichosema hapo kiliniuma.

"Kostansia anaweza kupata mume mwingine. Mimi sipati ndugu mwingine."

Kwa kweli nilitaka maneno yake yawe ya haki. Nilitembea hadi mlango wa stoo, nikasimama katikati ya vyungu, nikamsikia Gaudensi ndani akipiga mluzi na redio yake. Alikuwa ameitengeneza. Nikafikiri jinsi ilivyo rahisi: neno moja, "nililisahaulisha", na kila kitu kwangu kinabaki palepale. Uongo wenyewe usingehitaji hata kufafanuliwa, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa kanuni.

*

Afisa Majani wa kata yetu anaitwa Tumsifu, binti wa Kipare, mpole na makini. Nilipofika uani kwa Kostansia alikuwa ameinama juu ya chungu na kisomeo chake, kile kidude kama kijiko kinachowekwa juu ya nukta. Osmundi alisimama na mikono kifuani. Majirani walijipanga ukutani wakijifanya wamekuja kupunga upepo. Wote walikuwa wakitazamana kwa pembe za macho, wanawake wakiwatazama waume zao, waume wakimtazama kila aliyekuwa na ndevu.

"Shikamoo, mama," alisema Tumsifu.

"Marahaba, mwanangu."

"Kisomeo hakitoi jina. Kinasema mwanamume, mtu mzima, homa kaidi." Alinyanyuka, akajifuta magoti. "Nukta kama hii inapatikana kwa njia mbili tu. Ama mtu huyo analala hapa, ama jani lilitolewa bichi kutoka mahali anapolala. Hili ni jani lako, mama. Ni lazima nikuulize mbele ya watu, ingawa jibu nalijua, wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii nilipokuja. Ulilisahaulisha?"

Angeniuliza kwa ukali ningedanganya. Nadhani ningedanganya. Lakini aliniuliza kama mtu anayeweka uzito wote kwenye ngazi anayoiamini.

Kostansia alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ananiangalia. Kwa mbali, juu ya ukuta, nilisikia redio ya Gaudensi.

"Sikulisahaulisha," nilisema. "Nililitoa mlangoni, bichi."

Osmundi alishusha mikono. Nikaona vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine kuelekea nyumba yangu, na nikaona pia kitu kingine: wanawake wa mtaa wangu wakikumbuka majani waliyopeana wenyewe kwa wenyewe, mlangoni, mabichi, na kila mmoja akijiuliza lake limebeba nyumba ya nani.

Tumsifu hakunikemea. Alikizima kisomeo, akauliza kwa sauti ndogo, "Yuko wapi, mama?"

"Stooni. Usimtishe. Na ukiingia uangalie miguu, kuna vyungu."

Lakini hakuhitaji kuingia. Mlango wa uani kwangu ulikuwa wazi, na Gaudensi alikuwa amekwishasimama hapo, amevaa shati safi la kaka yake, redio kwapani. Ukuta ni mwembamba, nilikwishasema. Nyuma yake alisimama Severini, amemshika pindo la shati kama mtoto anayekataa kuachwa shuleni.

"Niachie, kaka," Gaudensi alimwambia. "Shati lenyewe ni lako, utalichana." Akanigeukia. "Shemeji, ile chai ya leo asubuhi ndiyo iliyokuwa na tangawizi ya sawasawa."

Nililia, sitaficha. Nililia mbele ya mtaa mzima na sikufuta machozi. Tumsifu alimvalisha Gaudensi vazi la wavu la Idara kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga vifungo hadi shingoni, wakatoka pamoja polepole. Majirani waliwapisha kwa nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kabla hajapinda kona, Tumsifu alirudi hatua chache. Alisema keshokutwa angekuja na madebe ya giza, majani yote ya mtaa yasahaulishwe, yangu kwanza, na kwamba mlezi wa majani angekuwa mtu mwingine. Nikamwambia ni sawa. Alionekana mwenye huzuni kuliko mimi.

Severini alipita mbele yangu akaingia ndani. Hakunitukana. Kupitia mlango uliobaki wazi nilimwona akikaa kwenye kiti chake ukumbini, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze akainama juu ya jani, lakini hakuitafuta nukta yake. Aliweka kidole karibu na ile ya tatu, bila kuigusa, akakiacha hapo. Najua keshokutwa ataniomba nimfiche jani moja lisiingie debeni. Sijui nitamjibu nini.

Nilibaki uani kwa Kostansia kwa kuwa sikuwa na nyumba ya kwenda. Osmundi alikuwa ameingia ndani, ninaamini ni kwa aibu. Kostansia aliinuka kutoka kwenye kinu, akaja akanishika mkono wangu wa kulia, ule wenye mchanga chini ya kucha. Niliogopa angesema asante, maana asante nisingeweza kuibeba siku ile.

"Sikushukuru, dada," alisema.